Kinga za Mikono Kwenye Pikipiki: Pima Kwanza, Funga Baadaye



Leo tutajifunza jinsi ya kufunga kinga za mikono kwenye usukani wa pikipiki. Hasa tutazungumzia pikipiki ambayo tayari imefungwa vitu vingine ambavyo haikuja navyo kutoka kiwandani, kama vile kishikio cha simu, taa za nyongeza, vioo vya ziada au mwavuli.

Soma polepole. Ukifika mahali pagumu, rudi nyuma usome tena. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuatilie kwenye pikipiki yenyewe. Wazee wetu waliosoma katika vikundi vya "Mtu ni Afya" mwaka 1973 wanaukumbuka utaratibu huo: kusikiliza redio, kusoma, kujadili, kisha kutenda.

KWA NINI SOMO HILI

Sisi tunaoishi Makete, Njombe na nyanda nyingine za juu tunaijua baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai kuna asubuhi ambazo umande huganda na majani huwa meupe. Lakini viazi vinangoja kwenda sokoni, na mgonjwa anangoja kupelekwa zahanati. Kijana wa bodaboda anaondoka alfajiri, na upepo unampiga mikononi njia nzima.

Mkono uliopigwa baridi unafanya kazi polepole. Vidole vinakufa ganzi na kuchelewa kuvuta breki. Hebu tufanye hesabu kidogo. Pikipiki ikienda kilometa 40 kwa saa, inapita karibu mita 11 kila sekunde moja. Vidole vikichelewa sekunde moja tu, pikipiki imekwisha kwenda mita 11 kabla breki haijaanza kushika. Mita 11 ni ndefu kuliko vyumba vingi vya madarasa yetu. Mtoto anayevuka barabara anaweza kuwa ndani ya mita hizo.

Tena kuna matawi. Njia zetu za msituni ni nyembamba, na matawi ya miwati na misonobari huchapa vidole. Na pikipiki ikianguka, mara nyingi leva ya breki au ya klachi ndiyo hugonga chini na kuvunjika.

Basi kinga za mikono ni kitu cha maana. Lakini kinga iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko kukosa kinga. Hatukuambiwa jambo hili na mtu. Lilitupata wenyewe.

KOSA LETU

Ofisi yetu ya elimu ya watu wazima ina pikipiki moja ya kutembelea madarasa. Usukani wake ulikuwa na kishikio cha simu upande wa kulia na taa mbili za nyongeza, moja kila upande. Siku moja tulinunua kinga za mikono mjini, zile zenye chuma kinachozunguka mkono wote. Jioni ile ile tukazifunga kwa haraka, juu ya vitu vyote vilivyokuwapo. Hatukuondoa kitu. Hatukupima kitu. Tuliwasha injini, tukavuta mafuta mara mbili, ikanguruma vizuri. Tukasema, kazi imekwisha.

Kesho yake mwenzetu alimbeba mama mmoja, mwezeshaji wa darasa la kisomo, kwenda kijiji cha bondeni. Walipofika kwenye mteremko wenye kona, mwenzetu aliachia mafuta. Injini haikupunguza mwendo. Akavuta klachi. Leva ikafika nusu ikagonga kibano cha taa, kwa hiyo injini ikaendelea kusukuma gurudumu. Akakanyaga breki kwenye tope, gurudumu la nyuma likateleza. Akazima ufunguo, lakini walikuwa wamekwisha ingia mtaroni.

Tunashukuru kwamba wote wawili walikuwa wamevaa kofia ngumu. Hata hivyo yule mama alivunjika mkono karibu na kiganja. Akafungwa plasta wiki sita, na wiki hizo zilikuwa za kuvuna viazi.

Tulikwenda nyumbani kwake kumpa pole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni, walimu." Akatutazama kidogo, kisha akauliza, "Lile somo la rula na milimita mlilotufundisha darasani. Kwenye pikipiki mlipima?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi ofisini tukafungua kila kitu, na tukakuta makosa matatu:

1. Kizibo cha kinga kwenye ncha ya kulia kilikuwa kinabana mpira wa kushikia. Kwa sababu hiyo mshiko wa mafuta haukurudi vizuri.

2. Kibano cha ndani kilikuwa kimeukalia waya wa mafuta. Usukani ukiwa umenyooka hakuna shida. Ukiukata kona, waya unavutwa na injini inaongeza mwendo yenyewe.

3. Tulipofunga kinga upande wa kushoto, leva ya klachi ilisogea kuelekea kibano cha taa. Ikawa haiwezi kuvutwa mpaka mwisho.

Hakuna kosa hata moja kati ya hayo ambalo rula na robo saa ya majaribio visingeligundua. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

AINA MBILI ZA KINGA

Kabla ya kununua, jua unataka kinga ya kazi gani.

Aina ya kwanza hushikwa mahali pamoja tu. Ni ya plastiki nyepesi. Hufungwa kwa kibano kimoja kwenye usukani, au kwa bamba dogo linalobanwa na nati ya kioo cha pembeni. Kinga hii huzuia upepo, mvua na matawi madogo. Pikipiki ikianguka, inapinda au inavunjika, wala haiokoi leva. Uzuri wake ni kwamba inachukua nafasi ndogo, na haigusi ncha ya usukani.

Aina ya pili hushikwa mahali pawili. Ina kipande cha chuma, mara nyingi cha alumini, kinachoanzia ncha ya usukani na kuzunguka mbele ya mkono mpaka ndani. Hii inaweza kuokoa leva pikipiki ikilala. Lakini inataka nafasi kubwa, na inataka bomba la usukani liwe wazi kwenye ncha zake, ili kizibo cha kutanuka kiingie na kushika.

Kwa mtu anayesumbuliwa na baridi tu, aina ya kwanza inatosha. Kwa mtu anayepita msituni kwenye mawe na utelezi, aina ya pili inafaa zaidi, ila lazima aipe nafasi yake.

PIMA USUKANI

Chukua rula yenye milimita, daftari na kalamu.

Kwanza pima unene wa usukani. Pikipiki nyingi ndogo za abiria na mizigo zina usukani wenye unene wa milimita 22. Baadhi ya pikipiki kubwa zina usukani mnene zaidi katikati, milimita 28. Kibano cha milimita 28 hakishiki vizuri kwenye usukani wa 22, hata ukikijaza vipande vya mpira. Kitashika leo, na kesho kitazunguka.

Pili, kama kinga ni ya aina ya pili, pima upana wa tundu la bomba kwenye ncha. Mabomba hayafanani. Mengine yana chuma cha uzito ndani. Chungulia kwanza, ndipo ukanunue.

Tatu, pima nafasi. Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tuchukue mfano. Tuseme kutoka kwenye kishikilio cha leva mpaka mahali usukani unapopinda kuna milimita 60. Kishikio cha simu kinachukua milimita 25. Kibano cha taa kinachukua milimita 20. Jumla ni 45. Toa 45 katika 60, zinabaki 15. Kibano cha kinga kinataka milimita 25.

Je, kitatosha? Hakitoshi. Zinapungua milimita 10. Ukilazimisha, utavibana vitu vingine, au utaisogeza leva mahali ambapo haikutakiwa kuwa.

Sasa ufanyeje? Lazima kitu kimoja kihame. Usukani ni kama shamba dogo, huwezi kupanda kila mbegu. Kila kitu kilichopo usukanini kijibu swali hili: kinasaidia kuendesha, kusimama, kuona au kuonekana? Leva, swichi, honi, indiketa na vioo viwili vya pembeni vinajibu ndiyo. Hivyo havihami. Taa za nyongeza zinaweza kuhamia chini, kwenye gadi ya mbele ya injini. Kishikio cha simu kinaweza kuhamia katikati ya usukani au kwenye shina la kioo. Vioo vya ziada visivyoonyesha kitu, riboni na mapambo yaondoke. Mwavuli unashika upepo na kuuvuta usukani, kwa hiyo usiuchanganye na kinga.

VIFAA VYA KAZI

Uwe na spana zinazolingana na nati zako, spana ya pembe sita yenye umbo la herufi L, bisibisi, rula, kisu kikali, tupa na kitambaa. Spana nyingi zimeandikwa namba yake kwa milimita. Soma namba hiyo. Spana kubwa kuliko nati huila nati kona zake, na siku ya kufungua utalia.

HATUA ZA KUFUNGA

Hatua ya 1. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Zima injini na utoe ufunguo. Kama una simu yenye kamera, piga picha usukani kutoka mbele, kushoto, kulia na juu. Picha hizo zitakukumbusha kila waya ulikuwa unapita wapi. Kama huna simu, chora daftarini.

Hatua ya 2. Ondoa vitu vyote vya nyongeza. Kama utagusa nyaya za umeme za taa au za chaja ya simu, fungua kwanza waya wa hasi wa betri. Mwishoni utaurudisha baada ya ule wa chanya. Vioo vya pembeni vifungue kwa uangalifu, kwa sababu kuna pikipiki ambazo kioo cha kulia hufunguka kwa kuzungusha kinyume na desturi. Ukiona kigumu, usilazimishe. Jaribu upande wa pili.

Hatua ya 3. Kaa kwenye pikipiki kama unavyokaa safarini na uweke mikono usukanini. Vidole vikinyooka juu ya leva, viwe katika mstari mmoja na mkono wako kuanzia kwenye kiwiko. Kama leva zimekaa juu sana au chini sana, zirekebishe sasa kabla ya kufunga kinga. Nati za vishikilio zikaze za kutosha ili leva isitembee ukiivuta. Lakini usizikaze kupita kiasi, maana leva inayoweza kuzunguka kidogo pikipiki ikianguka haivunjiki upesi.

Hatua ya 4. Kwa kinga ya aina ya pili, toa vizibo vya zamani kwenye ncha za usukani. Mara nyingi mpira wa kushikia umeziba mwishoni, kwa hiyo utakata duara kwa kisu ili kizibo kipya kipite. Upande wa kulia uwe mwangalifu mara mbili. Huko mpira umevaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka ukivuta mafuta, na bomba hilo nalo linaweza kuwa limeziba mwishoni. Kata tundu pana la kutosha ili mpira na plastiki visiguse kizibo hata kidogo. Lainisha kingo kwa tupa, futa unga wote.

Hatua ya 5. Ingiza kizibo na ukikaze kidogo tu. Upande wa kulia acha nafasi ya milimita 1 au 2 kati ya kizibo na mshiko wa mafuta. Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyokosekana kwenye pikipiki yetu.

Hatua ya 6. Weka kibano cha ndani, nacho ukikaze kidogo tu. Angalia waya wa klachi, waya wa mafuta, na waya au mpira wa mafuta ya breki. Vyote vipite vikiwa huru, bila kubanwa na bila kukunjwa kwa ghafla. Kama pikipiki yako ina breki ya disiki, usiuvute kabisa mpira wa mafuta ya breki. Ukiona njia imezibwa, ni kinga itakayosogea. Waya au mpira huachwa katika njia yake.

Hatua ya 7. Rekebisha kinga mpaka iwe mbele ya vidole. Kati ya leva na kinga iwepo nafasi ya kidole kimoja au zaidi, ili vidole vyenye glovu vipite. Kisha kaza nati za pande zote mbili kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, kinga itapinda na kuvuta kila kitu upande mmoja.

Hatua ya 8. Rudisha vitu vya nyongeza kimoja kimoja. Anza na vioo vya pembeni. Baada ya kila kitu, vuta leva na zungusha mshiko wa mafuta. Kitu kikizuia, kitoe pale pale. Usiseme "nitarekebisha kesho."

MAJARIBIO MATANO KABLA YA KUONDOKA

Usimbebe mtu kabla ya kumaliza majaribio haya.

Jaribio la 1. Injini ikiwa imezimwa, zungusha mshiko wa mafuta kisha uuachie ghafla. Lazima urudi wenyewe na kugonga mwisho. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, kisha umeukata kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Ukirudi polepole, hata mara moja, fungua uanze tena.

Jaribio la 2. Vuta leva ya klachi, kisha ya breki, mpaka mwisho wake. Zisiguse kinga, kibano wala waya. Klachi ya pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kuwa na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya leva kabla haijaanza kuvuta. Ona kitabu cha pikipiki yako. Kama ulegevu umepotea, waya umevutwa mahali fulani.

Jaribio la 3. Weka gia nyutro, washa injini, iache ingurume taratibu. Ukata usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Sauti ya injini isibadilike. Ikipanda, waya wa mafuta unavutwa. Zima, tafuta mahali.

Jaribio la 4. Bonyeza honi, indiketa zote na taa kubwa. Taa ya breki iwake ukivuta leva, na izimike ukiiachia. Kisha mwambie mwenzako asimame mbele na baadaye nyuma. Je, anaziona indiketa, au zimefichwa na kinga?

Jaribio la 5. Vaa glovu unazotumia. Shika usukani, kisha toa mikono yote miwili haraka. Itoke bila kukwama. Wale wanaovalisha usukani mifuko ya kitambaa au ya ngozi kwa ajili ya baridi wafanye jaribio hili mara nyingi. Mifuko ikishindiliwa na upepo inaweza kuisukuma leva ya breki bila wewe kujua.

Baada ya hapo, sukuma pikipiki kwa miguu na ujaribu breki. Kisha endesha peke yako, polepole, mahali pasipo watu. Jioni ya siku ya kwanza kagua nati zote tena, kwa maana mtikisiko wa barabara zetu hulegeza. Baadaye kagua kila wiki.

KINGA YA DUMU

Wengine watasema, "Walimu, hizo za dukani hatuna fedha." Ni kweli. Dumu la plastiki la lita 20 linaweza kutoa kinga nzuri ya aina ya kwanza. Chora umbo kwenye karatasi ngumu kwanza, ulijaribishe mbele ya mkono, ndipo ukate plastiki. Lainisha kingo kwa tupa, kisha zivishe ukanda wa mpira wa ndani wa tairi. Ifunge kwa bamba jembamba chini ya nati ya kioo cha pembeni. Halafu fanya majaribio yote matano, sawasawa na ya dukani. Dumu linalogonga leva ni hatari kama alumini inayogonga leva.

Jambo moja tunalikataza kabisa. Usichomelee nondo au bomba kwenye usukani. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha usukani mahali pale, na siku moja kinaweza kukatika njiani. Na ukianguka, nondo haipindi. Ni mkono wako utakaonaswa na kupinda.

HESABU YA MWENYE MKATABA

Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya mkataba, na kila siku wanatakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Wanaona kupoteza saa mbili kwa kupima ni hasara. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku. Ukikosa saa mbili za kazi, umekosa sehemu ya siku moja. Ukivunjika mkono na kukaa nyumbani wiki sita, ni siku 42. Kama unadaiwa kila siku, zidisha 42 kwa 10,000. Ni shilingi 420,000, bado hujahesabu matibabu wala chakula cha watoto. Sasa sema mwenyewe, hasara iko wapi?

NENO KWA ABIRIA

Somo hili si la dereva peke yake. Abiria naye ana mwili, na mwili hauna vipuri. Una haki ya kumwambia dereva, "Kijana wangu, hebu kata usukani huku na huku, na uachie mafuta, nione." Dereva mzuri hatakasirika. Akikasirika, panda ya mwingine.

Yule mama mkono wake umepona, ingawa anasema asubuhi za baridi bado unamuuma. Amerudi darasani kwake na anaendelea kufundisha. Pikipiki ya ofisi sasa ina kinga za mikono na vioo viwili. Taa zimehamia kwenye gadi, na simu ya mwenzetu inakaa mfukoni. Siku ya kwanza tulipompitia tena, mama hakupanda. Alitoa rula kwenye mkoba wake, akainama penye ncha ya kulia ya usukani, akaisogeza karibu.

"Milimita mbili," akasema. Ndipo akavaa kofia ngumu akapanda.

MANENO YA KUKUMBUKA

Leva: kipande kinachovutwa kwa vidole ili kushika breki au klachi.

Mshiko wa mafuta: sehemu ya kulia ya usukani inayozungushwa kuongeza mwendo.

Kibano: chuma kinachozunguka usukani na kukazwa kwa nati ili kushika kitu.

Kizibo cha kutanuka: kipande kinachoingia ndani ya ncha ya usukani na kupanuka kikikazwa.

Ulegevu: nafasi ndogo ambayo leva hutembea kabla haijaanza kazi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini pikipiki ya ofisi ilinguruma vizuri jioni, lakini ikaleta ajali kesho yake kwenye kona?

2. Usukani una nafasi ya milimita 70. Kishikio cha simu kinachukua 25 na kibano cha taa 20. Je, kibano cha kinga cha milimita 25 kitatosha? Kitabaki na nafasi ya kupumua? Wewe ungehamisha kitu gani?

3. Pikipiki ikienda kilometa 60 kwa saa, inapita karibu mita ngapi kwa sekunde moja? (Gawa 60 kwa 3.6.)

4. Katika kijiji chenu, ni vitu gani hufungwa usukanini ambavyo havisaidii kuendesha, kusimama, kuona wala kuonekana?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kiende kwenye kijiwe cha bodaboda kilicho karibu. Muombeni dereva mmoja ruhusa, mpime usukani wake pamoja naye, na mfanye majaribio matano. Andikeni majibu daftarini: jaribio lipi limefaulu, lipi limeshindwa, na mmerekebisha nini. Msiandike jina la dereva. Leteni daftari hilo darasani tulisome pamoja.